Makosa ya “for”: dalili, chanzo na marekebisho

Anayekosea “for” ya Kiingereza kwa kawaida anaijua maana yake. Kinachomkwaza ni kwamba Kiswahili hakina neno moja linaloshika nafasi hiyo. Kazi ya “for” tumeigawa: sehemu imemezwa na kitenzi, kama katika lipa na lipia, pigana na pigania, sehemu imeachiwa “kwa”, sehemu nyingine inabebwa na “ya” ya dawa ya kikohozi, na mara nyingi haisemwi kabisa. Ukitafsiri neno kwa neno, “for” itapotea pale inapotakiwa na kujitokeza pale isipotakiwa.

Tafuta hapa chini sentensi inayofanana na yako, kisha soma chanzo kabla ya kurekebisha. Ukirekebisha sentensi bila kujua chanzo, kosa litarudi kesho likiwa na kitenzi kingine.

Dalili: “I am waiting you”, “She is looking her keys”, “Who paid the food?”

Hapa “for” imepotea. Kiswahili kinasema ninakusubiri, anatafuta funguo, aliomba maji, na yambwa, yaani kile kinachotendwa, inashikana na kitenzi bila kihusishi chochote, yaani bila neno dogo la kuunganisha kama “for” au “to”. “Wait”, “look” na “ask” haviwezi kufanya hivyo. “Look” peke yake ni kuelekeza macho tu, na kinachofuata ndicho kinachoamua maana: “look at” ni kuangalia, “look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza. Kwa hiyo “look her keys” haimwambii msikilizaji kama funguo zinatazamwa au zimepotea.

“Ask” inahitaji uangalifu zaidi. “Ask a question” ni kuuliza swali, “ask for water” ni kuomba maji. Halafu “he asked me” ni aliniuliza, na “he asked for me” ni aliniulizia, yaani alitaka kuonana nami. Angalia jinsi ile “-ia” ya aliniulizia inavyofanya kazi ileile ya “for”. Mfano bora zaidi wa ukaribu huo ni “pay”. Mtu analipwa, bili inalipwa, lakini kilichonunuliwa kinalipiwa:

- “Pay the driver”: mlipe dereva.
- “Pay the bill”: lipa bili.
- “Pay for the ticket”: lipia tiketi.
- “I paid the driver for the trip”: nilimlipa dereva kwa ajili ya safari.

Ukijiona unataka kusema lipia, weka “for”. Ukitaka kusema lipa, iache. Mpaka wa lugha zote mbili unapita mahali palepale, na ni bahati ambayo haitokei mara nyingi.

Vitenzi vingine vinabadilika maana kabisa “for” ikiondoka. “Search the bag” ni kupekua mkoba, “search for the bag” ni kuutafuta. Vivyo hivyo polisi wanaweza “search a man” akiwa amesimama mbele yao mikono juu, au “search for a man” ambaye hawajui aliko. “Prepare the exam” ni kazi ya mwalimu anayeutunga mtihani. Mwanafunzi anayejiandaa anafanya “prepare for the exam”. “Leave London” ni kuondoka London, “leave for London” ni kuondoka kuelekea London. Kosa la neno moja hapo linamgeuzia msafiri uelekeo.

Marekebisho: usihifadhi “wait” kama kitenzi kamili. Hifadhi “wait for”, “look for”, “ask for”, “apply for”, “hope for”, “pray for”, “vote for”, “care for” kama vipande visivyokatika. Kisha vijaribu katika maswali, kwa sababu huko ndiko “for” hupotea zaidi. Unasubiri nini? huzaa “What are you waiting?”, ambayo haijakamilika. Sahihi ni “What are you waiting for?”, na “for” inabaki mwisho kabisa wa sentensi. Wapo walimu waliokataza kihusishi kukaa mwisho. Katika Kiingereza cha kawaida, cha kusemwa na cha kuandikwa, ni sawa kabisa. Ukipenda mtindo rasmi, andika “the man for whom I was waiting”. Usifanye yote mawili kwa pamoja: “the man for whom I was waiting for” ina “for” moja ya ziada.

Na usiogope “for” mbili zenye kazi mbili. “I have been waiting for you for an hour” ni sahihi: ya kwanza ni ya kitenzi, ya pili ni ya muda.

Dalili: “I request for your help”, “They demanded for their money”, “I am awaiting for your reply”

Tatizo limegeuka: “for” imezidi. Kosa hili huonekana sana katika barua rasmi za wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili, na limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalioni tena.

Chanzo ni mkanganyiko wa nomino na kitenzi. “Request”, “demand”, “order” na “need” ni maneno yenye sura moja na kazi mbili. Yakiwa nomino huchukua “for”: “a request for help”, “the demand for water”, “an order for twenty chairs”, “no need for noise”. Yakiwa vitenzi hukamata yambwa moja kwa moja: “I request your help”, “they demanded their money”, “we ordered twenty chairs”, “we need water”.

Kipimo: angalia neno lililotangulia. Kama ni “a”, “the”, “my”, “no” au “any”, unashughulika na nomino, weka “for”. Kama ni “I”, “they” au “to”, ni kitenzi, iondoe. “Search” inakwepa kipimo hiki, kwa sababu kama tulivyoona inachukua “for” hata ikiwa kitenzi. “Lack” nayo inakwenda njia yake: “they lack water”, lakini “a lack of water”, si “for”.

“Await” na “seek” ni vitenzi tu na havihitaji msaada. “Await” tayari ina “wait for” ndani yake, na “seek” ina “look for”. Andika “I await your reply” au “I am waiting for your reply”. Chagua moja.

Dalili: “He bought for me a shirt”, “Explain me this”, “Open me the door”

Hapa ndipo kauli ya kutendea, ile ya “-ia” kama nunulia na fungulia, inapotuvuta kwa nguvu zote. Katika ameninunulia shati, mnufaika ambaye ni “ni-” anatajwa kabla ya shati, na faida yake imebebwa na “-lia” ya mwisho. Mwandishi anahamisha mpangilio huo mzimamzima: kitenzi, kisha “for me”, kisha shati. Kiingereza kinaruhusu njia mbili tu:

- Mtu kwanza bila kihusishi: “He bought me a shirt.”
- Kitu kwanza, mtu baadaye na kihusishi: “He bought a shirt for me.”

Mtu akitangulia, “for” inaondoka. Mtu akija nyuma, inarudi. Kitu kikiwa “it” au “them”, tumia njia ya pili: “Buy it for me.”

Vitenzi kadhaa havikubali njia ya kwanza hata kidogo. “Open”, “close”, “carry” na “repair” hufuata ya pili pekee: nifungulie mlango ni “open the door for me”, nibebee mzigo ni “carry the load for me”. “Explain”, “describe” na “suggest” navyo hukataa njia ya kwanza, ila vinachukua “to”: nieleze hili ni “explain this to me”.

Hilo linafungua swali linalosumbua wengi: “for” au “to”? Kauli ya kutendea haitofautishi. Nitumie na ninunulie zina umbo moja, lakini ni “send it to me” na “buy it for me”. Kipimo kinachofaa ni kuuliza: je, tendo lenyewe ndilo linalokifikisha kitu kwa mtu? Ukituma, ukitoa, ukionyesha, ukikopesha, ukiuza au ukiambia, mpokeaji yumo ndani ya tendo. Bila yeye tendo halijatimia. Hapo ni “to”: “give”, “send”, “show”, “lend”, “sell”, “tell”. Ukinunua, ukipika, ukitengeneza, ukitafuta au ukichagua, kazi inaweza kukamilika kabla mtu hajapokea chochote. Chakula kimeiva hata asipofika. Hapo ni “for”: “buy”, “cook”, “make”, “find”, “choose”, “build”.

Vingine vinakubali zote mbili, na maana inahama. “She wrote a letter to me”: barua iliandikwa ije kwangu. “She wrote a letter for me”: aliishika kalamu kwa niaba yangu, na barua huenda ilikwenda kwa mtu mwingine. Kiswahili kinasema aliniandikia barua kwa zote mbili, na muktadha ndio unaotuokoa. Kwenye Kiingereza huwezi kuuachia muktadha, lazima uchague.

Tahadhari moja kuhusu “-ia” yenyewe: si kila mara ni “for”. Kalia kiti ni “sit on a chair”. Kimbilia mlangoni ni “run to the door”. Alifia nchi yake ni “he died for his country”, lakini alifia njiani ni “he died on the way”. Umbo halijabadilika, kihusishi kimebadilika. Jiulize kwanza kama ni faida, kusudi, uelekeo au mahali.

Dalili: “I am living here since two years”

Sentensi hii ina makosa mawili, na kurekebisha moja tu hakutoshi.

Kosa la kwanza ni “since”. Neno hilo linataka nukta ya kuanzia: “since 2019”, “since Monday”, “since I was a child”. “For” inataka urefu: “for two years”, “for ten minutes”, “for a long time”. Ukiweza kuhesabu vipande vyake, ni “for”. Ukiweza kuweka kidole kwenye kalenda au saa, ni “since”. Anayefikiria tangu miaka miwili iliyopita huteleza hapo, kwa sababu “tangu” imemvuta kwenye “since”.

Kosa la pili ni njeo, yaani wakati wa kitenzi. Ninaishi hapa kwa miaka miwili sasa ni Kiswahili safi, lakini “I am living here for two years” inasikika kama mtu anayeeleza mpango wa kukaa miaka miwili. Kwa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, tumia “have”: “I have lived here for two years” au “I have been living here for two years”. Ukisema “I lived there for two years”, umesema uliishi na ukaondoka. Anayesoma maombi ya kazi huisoma tofauti hiyo papo hapo: “I worked as a nurse for six years” inamwambia kwamba kazi ile imekwisha.

Ukisharekebisha hayo, angalia pia:

“During two hours” si sahihi. “During” hujibu lini: “during the lesson”. “For” hujibu kwa muda gani: “for two hours”.

“I will finish it for two days” pia si sahihi. Ukimaanisha baada ya siku mbili itakuwa imekwisha, ni “in two days”.

“For all day” na “for all my life”: ondoa “for”. “All day” na “all my life” zinajitosheleza.

“For two years ago”: “ago” haikai na “for”. Andika “two years ago”.

Je, “for” ya muda inaweza kuachwa? Ndiyo, baada ya vitenzi kama “live”, “stay” na “wait”: “we stayed three nights” ni sawa. Lakini katika sentensi kanushi inabaki, “I haven’t eaten for two days”, na inabaki pia ikianza sentensi: “For three years he said nothing.” Ukiwa na shaka, iweke, isipokuwa penye “all” au “ago”. Kuiweka hakutaharibu kitu.

Dalili: “I came for to see you”, “I came for seeing you”

Chanzo ni kwa ajili ya kukuona. Kusudi la mtenda huonyeshwa kwa “to” peke yake: “I came to see you.” “For to” ilikuwa Kiingereza cha kawaida karne ya 14, na bado husikika katika baadhi ya lahaja za Ireland, lakini kwenye Kiingereza sanifu cha leo ni kosa.

“For” inarudi kwenye kusudi katika sura nne. Kabla ya nomino: “I went for water.” Kwa matumizi ya kifaa, ikiwa na “-ing”: “this knife is for cutting bread”, kama tunavyosema kisu cha kukatia mkate. Kwa sababu ya sifa, shukrani, lawama au adhabu: “thank you for coming”, “he was fined for driving too fast”. Hapo kitenzi lazima kiwe na “-ing”. “Thank you for come” na “thank you for to come” zote zinaanguka. Sura ya nne huwa haifundishwi vya kutosha: “for” pamoja na mtu, halafu “to”. Ni vigumu kwangu kuelewa ni “it is hard for me to understand”, si “hard to me”. Nilimsubiri amalize ni “I waited for him to finish.” Hakuna haja wewe kusubiri ni “there is no need for you to wait.”

Baada ya “for” weka “me”, “him”, “her”, “us”, “them”. “For my brother and I” huandikwa na wanaodhani “I” ina heshima zaidi. Mwondoe ndugu uone: hakuna anayesema “for I”. Kwa hiyo ni “for my brother and me”.

Dalili: “for” inaonekana kila palipo na “kwa”

“Kwa” ina njia nyingi za kutokea, na “for” ni mmoja tu wa milango hiyo. Kwa kalamu ni “with a pen”. Kwa basi, “by bus”. Kwa Kiingereza, “in English”. Kwa maoni yangu, “in my opinion”. Kwa kweli, “in fact”. Kwa mkopo, “on credit”. Kwa daktari, ukienda, ni “to the doctor”. “For” inabaki na haki yake katika kwa mfano, “for example”, kwa mara ya kwanza, “for the first time”, na katika mabadilishano: “I sold it for half the price.”

Dalili: “medicine of cough”, “the reason of my absence”

Hapa aliyepotosha ni “-a” unganifu: dawa ya kikohozi, sababu ya kutofika, tiketi ya treni. “Of” huonyesha umiliki au sehemu ya kitu. “For” huonyesha kinachokusudiwa. Hivyo ni “medicine for a cough”, “a ticket for the train”, “the reason for my absence”. Jirani yake “cause” anashika “of”: “the cause of the fire”. Maneno hayo mawili yote ni sababu kwetu, na hakuna kanuni itakayokusaidia isipokuwa kuyakariri yakiwa pamoja na vihusishi vyake.

Sifa nazo zina zake: “late for class”, “ready for work”, “famous for”, “responsible for”. “Good” inabadilika kila mara: “good at maths” ni hodari wa hesabu, “good for the eyes” inayafaa macho, “good to me” ni mwema kwangu.

Dalili: unaisoma “for” lakini maana haikai

“She is tall for her age” haisemi ni mrefu kwa sababu ya umri. Inasema ukimlinganisha na wenzake wa umri huo, amewapita. “For all his money, he is lonely” ni licha ya fedha zake zote. “But for the rain, we would have arrived” ni isingekuwa mvua. “I am for the plan” ni ninauunga mkono. Na “he stayed home, for he was ill” ni kwani: matumizi ya kimaandishi, yenye mkato mbele yake, yasiyokaa mwanzo wa sentensi. Katika mazungumzo tumia “because”.

Dalili: unasikiliza lakini “for” huisikii

Ipo, ila imefifia. Katikati ya sentensi “for” haikaziwi, na irabu yake hupungua hadi kubaki sauti fupi iliyomezwa. “Wait for me” hutamkwa kama neno moja lenye mkazo mwanzoni. Ikikaa mwisho, kama katika “What’s it for?”, hutamkwa kamili, na katika lafudhi nyingi hulingana kabisa na “four”, nne. Anayeitamka kamili kila mahali anaeleweka bila shida. Shida ni ya msikilizaji ambaye haisikii, akadhani haipo, halafu akaandika “wait me”.